Maswali ya Wasomaji: Aliyeshika Usukani Naye Aione Bahari

Barua tulizozichagua safari hii zote zinahusu jambo moja: mume na mke wanaoondoka kwa gari lao wenyewe, wakafuata barabara ya kando ya bahari kwa siku kadhaa, wakisimama hapa na pale. Tumezifupisha, lakini hatukubadili maana.

SWALI: Mimi na mume wangu tuna miaka sita ya ndoa. Mwaka jana tulichukua likizo ya siku tano tukasafiri kwa gari kando ya bahari, yeye akiendesha na mimi nikisoma ramani. Nilirudi na picha zaidi ya mia tatu na moyo umekunjuka. Siku moja tulipata wageni, nikawa nawaonyesha zile picha, na mume wangu akasema taratibu, bila hasira yoyote, kwamba nyingi ya sehemu zile alikuwa anaziona kwa mara ya kwanza. Maneno yale yaliniingia. Sasa tunapanga safari nyingine ya siku sita, na tayari nimeandika vituo ishirini na vinne. Nifanye nini ili naye afaidi? – *Mke mpenda bahari*

JIBU: Dada yangu, mumeo alisema kweli, nawe umefanya vyema kuyapokea maneno yake bila kuyageuza kuwa ugomvi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akigeuza macho kutazama maji kwa sekunde mbili tu, gari limekwisha kwenda mita 40 na zaidi bila mtu wa kuliangalia, na kwenye barabara iliyobanwa kati ya jabali na bahari, mita 40 zatosha kabisa kumtoa mtu kwenye kona. Dereva makini kwa hiyo huona lami, mstari mweupe na nyuma ya lori lililomtangulia. Na mahali ambapo mandhari inazidi kupendeza ndipo barabara inapozidi kupinda, kwa hiyo ndipo naye anapozidi kunyimwa. Wewe ulikuwa ukisema "tazama kule!" kwa furaha, na yeye, kwa kukupenda na kutaka mfike salama, alikuwa hatazami.

Kwa sababu hiyo mimi hukihesabu kila kituo cha njiani kuwa ni deni ambalo abiria anamlipa dereva. Ukilishika hilo, utaona mwenyewe kwamba orodha yako ya vituo ishirini na vinne inamlipa kwa sarafu ndogo mno. Vituo vinne kwa siku ni vingi kuliko vinavyoonekana kwenye karatasi: kupunguza mwendo, kutafuta pa kuegesha, kufunga gari, kushuka kwa miguu hadi ukingoni, kukaa, kupanda tena. Kituo chenye maana ni nadra kumalizika chini ya dakika arobaini na tano, na kikimalizika kwa dakika kumi, aliyefaidi ni kamera peke yake.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kukosea vivyo hivyo. Mimi na mke wangu tulipanga vituo tisa kwa siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa na orodha na yeye ndiye aliyeendesha. Kila tuliposimama nilikuwa nikitazama saa. Kituo cha tisa kilikuwa mnara wa taa uliosimama juu ya mwamba, na huo mnara ndio uliotutoa nyumbani. Tulifika giza limeingia. Tuliiona taa ikizunguka, ikatumulika usoni, ikaenda zake baharini, lakini mwamba wenyewe hatukuuona, wala mawimbi yaliyokuwa yakiupiga, tuliyasikia tu. Mke wangu aliegemeza paji la uso wake kwenye usukani akanyamaza. Ningelikuwa tayari kuvifuta vituo vyote vinane vya kabla yake ili apate nusu saa ya mchana mahali pale.

Ushauri wangu ni huu. Kila siku pangeni vituo viwili tu mapema, na cha tatu kiwe mali ya dereva. Akikiona anachokitaka, aseme "nasimama" mara tu anapopata mahali salama pa kuegesha, na asiulizwe kwa nini. Kwenye vituo vile viwili zimeni injini, kaeni angalau nusu saa, na dakika kumi za mwanzo simu na kamera zibaki garini. Baada ya muda utasikia chuma cha injini kikipoa kwa milio midogo midogo chini ya boneti, kisha kitanyamaza, na hapo ndipo mabega ya mtu aliyekuwa akiendesha yanaposhuka na macho yake yanapoanza kutembea mbali. Mmiminie chai, kifuniko cha chupa kiwe kikombe chake, na usimweleze chochote kwa muda kidogo. Wewe ulikwisha kuona mengi tangu asubuhi. Yeye ndiyo kwanza anaanza.

Jambo la pili ni kuupima urefu wa barabara kwa saa badala ya kilomita. Barabara ya Hana, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, ina urefu wa kilomita zipatazo 84 kutoka mji wa Kahului, umbali ambao mtu wa barabara kuu angeuhesabu kuwa ni wa saa moja. Lakini ina kona zaidi ya 600 na madaraja 59, na mengi ya madaraja hayo hupitisha gari moja kwa zamu, hivyo hata asiyesimama popote hutumia saa mbili na nusu au zaidi. Anayeipangia saa moja ataishia kumkimbiza dereva wake siku nzima. Kwa njia ya namna hiyo, saa nne za kuendesha kwa siku zatosha kabisa, na kila baada ya saa mbili lazima pawepo mapumziko ya angalau robo saa, hata kama mahali penyewe hapana cha kutazamwa.

Tatu, chagueni upande wa kuanzia. Hili watu wengi hawalifikirii, na halina gharama yoyote. Katika nchi ambako magari hupita kushoto, inafaa bahari iwe kushoto kwenu, na ambako hupita kulia, iwe kulia. Mkifanya hivyo mnakuwa kwenye njia iliyo karibu na maji, hakuna magari yanayowakinga, na maegesho mengi ya ukingoni mnaingia na kutoka bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Barabara Namba 1 ya California, kwa mfano, hufaa kuendeshwa kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa kuwa Marekani huendesha kulia na bahari ya Pasifiki iko magharibi. Great Ocean Road ya Australia, yenye kilomita zipatazo 240 katika jimbo la Victoria, hufaa kuanzwa mashariki, mjini Torquay, kuelekea magharibi. Barabara hiyo ilijengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, iwe ukumbusho wa wenzao waliokufa vitani, na ina lango la mbao na mawe linalotaja habari hiyo. Mimi naamini kituo chenye hadithi kama hiyo kinamfaa sana dereva, kwa sababu hadithi inaweza kusimuliwa kwake kabla ya kufika, naye akaja kuitazama akiwa tayari ameibeba.

Mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote: ikiwa nawe una leseni, tafuta mapema kipande kimoja cha barabara ambacho kila mtu anakisifu, na siku ya kukipita kaa wewe kwenye usukani. Mkikodi gari, hakikisheni majina yenu yote mawili yameandikwa kwenye mkataba, kwani aliyeachwa nje ya mkataba akipata ajali, bima inaweza kukataa kulipa. Ikiwa huendeshi, zipo njia nyingine za kumtoa dereva kitini. Huko Amalfi, nchini Italia, ambako barabara ni nyembamba na mabasi hupishana kwa shida, wakati wa msimu boti huchukua abiria kutoka mji hadi mji, na mume na mke huketi bega kwa bega wakiitazama kutoka majini barabara ileile waliyoipita jana. Nusu siku ya boti katika safari ya siku sita si nyingi. Wageni wakija tena, mwache yeye awaonyeshe picha.

SWALI: Mke wangu hupata kichefuchefu kwenye kona, na tuliwahi kugeuza gari baada ya saa moja tu ya safari. Mimi naendesha kwa saa nyingi na sijawahi kuhisi chochote, hivyo siwezi hata kumwelewa vizuri. Natamani sana kumpeleka kwenye barabara ya pwani. Je, tuache tu? – *Mume mwenye huruma*

JIBU: Msiache, bwana. Kichefuchefu hiki hutokea pale sikio la ndani, ambalo ndilo linalotuambia kuwa mwili unasogea na kuyumba, linapotoa habari isiyolingana na ile ya macho, hasa macho yakiwa yameinamia simu au ramani. Wewe hupati kichefuchefu kwa sababu ni wewe unayezungusha usukani: mwili wako unajua kona kabla haijafika, ukaegemea mapema, ilhali yeye hupata habari shingo imekwisha kuyumbishwa. Hapa ile hali ya barua ya kwanza inageuka, maana katika gari lenu abiria ndiye asiyeiona bahari.

Dawa ya kwanza, ikiwa ana leseni, ni kumpa usukani katika sehemu zenye kona nyingi. Wengi wanaoteseka wakiwa abiria hupona kabisa wakiendesha. Ikiwa haendeshi, akae mbele, dirisha liwe wazi kidogo, ale kitu chepesi kabla ya kuondoka badala ya kukaa na njaa, na macho yake ayapeleke mbali, kwenye ule mstari ambapo maji na mbingu hukutana. Kwa bahati njema barabara ya pwani inao mstari huo karibu kila mahali, jambo ambalo barabara za milimani na misituni haziwezi kumpa. Dawa za kumeza zipo, na nyingi hufanya kazi zikinywewa kabla ya safari, si baada ya tumbo kuchafuka; lakini baadhi yake huleta usingizi, kwa hiyo mwulizeni mfamasia, na anayezitumia asishike usukani siku hiyo.

Nawe unayo kazi. Punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si ukiwa ndani yake, na ukitoka ongeza mafuta taratibu. Jizoeze peke yako kabla ya safari: jaza kikombe maji, kibakishe kidole kimoja kufika ukingoni, kiweke kwenye kishikio cha garini, kisha pita njia yenye kona kama kawaida yako. Ukifika, tazama palipolowa. Rudia hadi kishikio kibaki kikavu, kisha ndipo umwite mkeo. Na vituo vyenu viwe vingi na vifupi, kila nusu saa ikibidi, ashuke akanyage ardhi isiyosogea. Kanuni ya vituo vichache niliyompa dada wa barua ya kwanza haiwahusu ninyi.

SWALI: Katika safari yetu ya mwaka huu kituo tulichokingojea kuliko vyote kilikuwa njia ya mchanga inayounganisha ufuo na kisiwa kidogo. Tuliendesha saa tatu, tukafika adhuhuri, tukakuta maji matupu. Mume wangu alidhani tumepotea. Tulikosea wapi? – *Tuliorudi mikono mitupu*

JIBU: Hamkupotea, mlifika maji yamejaa. Wanaoishi mbali na pwani husahau kwamba kituo cha baharini kina saa zake za kufunguliwa na kufungwa, na saa hizo hazifanani siku hata mbili. Kwenye pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50, na kama mliwahi kuona picha ya njia hiyo, hata ikiwa ilipigwa adhuhuri, ilipigwa adhuhuri ya siku nyingine. Zaidi ya hayo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni wakati wa bamvua, maji yakajaa sana na yakapwa sana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti huwa ndogo, na njia nyingine za mchanga hazifunuki kabisa. Tazameni kwanza jedwali la kupwa na kujaa la mahali penyewe, ndipo mpange siku. Msipange siku kwanza kisha mkatumaini maji yatawasubiri.

Ufaransa kuna njia ya namna hiyo iitwayo Passage du Gois, inayokwenda kisiwa cha Noirmoutier. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, imesakafiwa, magari hupita juu yake, na mara mbili kila siku bahari huifunika. Muda wa kupita ni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baadaye. Kando yake zimesimamishwa nguzo zenye vijukwaa vya juu, ili aliyekutwa na maji apande asubiri. Wenyeji hawakuziweka kama mapambo. Kila mwaka bahari ina namna ya kumkuta mtu aliyesema "bado kidogo". Tangu 1971 kisiwa hicho kina daraja, hivyo hakuna anayelazimika kujihatarisha.

Mkirudi mahali penu, fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, mwende mkiwa na maji yanayorudi nyuma, na maji yanapoanza kugeuka nanyi mgeuke. Gari liacheni juu, mbali na mchanga wenye unyevu, hata mkiona nyayo za magari mengine, kwa kuwa mchanga unaoonekana mgumu saa ya kupwa unaweza kulishika gurudumu saa ya kujaa. Na tafadhali, dereva asibaki kulinda gari. Lifungeni, mwende wote wawili.

SWALI: Je, tuweke nafasi za kulala mapema kwa siku zote, au tuende tukitafuta? Mchumba wangu anasema kupanga kila kitu kunaua raha. – *Msomaji*

JIBU: Wekeni nafasi kwa usiku wa kwanza na wa mwisho, na kwa mji wowote ambao mtaufikia siku ya mapumziko ya watu wote. Katikati acheni wazi, hasa kwa sababu barabara za pwani hufungwa. Zinapita kwenye miteremko ambayo mvua huilegeza kwa juu na mawimbi huila kwa chini. Mwezi Mei 2017 mlima uliporomoka kwenye Barabara Namba 1 ya California, mahali paitwapo Mud Creek, na barabara haikufunguliwa tena hapo hadi Julai 2018. Afrika Kusini, barabara ya Chapman's Peak, yenye kona 114 katika kilomita 9, ilifungwa kuanzia 2000 hadi 2003 kwa sababu ya mawe yaliyokuwa yakianguka, ikawekewa nyavu za kuyazuia. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, tazameni taarifa za mamlaka ya barabara. Aliyekwisha kulipia vitanda sita hushawishika kupita mahali ambapo hakupaswa kupita.

SWALI: Mume wangu anataka tuendeshe usiku ili tuamkie mbele zaidi na tupate mchana mrefu wa kutembea. Unaonaje? – *Mama wa wawili*

JIBU: Mama, usiku hakuna anayeiona bahari, si yeye wala wewe, na kipande mlichokipita gizani hamtarudi kukitazama. Usingizi nao humkuta dereva bila hodi. Ikiwa anachotaka ni mchana mrefu, laleni mapema mahali palipo karibu na maji, na ikiwa pwani yenyewe inatazama mashariki, amkeni kabla ya jua kuchomoza. Shukeni ufuoni kukiwa bado kuna kijivu, mketi mahali pakavu, na ufunguo wa gari ukae kwenye mfuko wako.